Siku sita chini ya majani ya mgomba

"Ingiza mkono, mwanangu. Hamna nyoka humo."

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, nami nimechuchumaa mbele ya sanduku la mbao nyuma ya nyumba moja kando ya barabara ya Ipinda kwenda Matema, wilayani Kyela. Sanduku lilikuwa limefunikwa kwa majani ya mgomba yaliyoanza kukunjamana na kuwa ya kahawia, na juu ya majani kipande cha gunia. Nikafunua pembeni. Mvuke ukanipiga usoni, ukiwa na harufu ya vitu viwili ambavyo sikuwahi kuviwaza pamoja: kilabu cha pombe asubuhi kabla hakijafagiwa, na chupa ya siki iliyoachwa wazi. Nikazamisha mkono hadi kiwikoni katikati ya mbegu zenye utelezi, na nikauchomoa upesi. Zilikuwa za moto. Si vuguvugu, za moto.

Chini ya sanduku hapakuwa na kuni wala makaa. Lilikaa kivulini, chini ya mwembe, juu ya matofali manne. Mwenye nyumba, mama aliyelima kakao tangu alipoolewa, hakuona cha kushangaa. "Hiyo ni siku ya tatu tu," alisema. "Jioni nazigeuza tena."

Mimi nilishangaa kwa sababu nilikuwa nimeshakutana na joto lile zamani, nikiwa kidato cha pili. Mwalimu aliandika ubaoni sentensi moja ya Kiingereza kuhusu vimeng'enya, tukainakili, tukaikariri kama sala, tukapata alama zetu, tukaisahau. Hakuna aliyetuambia kwamba sentensi ile ina harufu, ina joto, na ukiitii vibaya inakukosesha ada ya mtoto. Nimekuja kuielewa Kyela, mkono ukiwa umelowa ute wa kakao.

Anayeijua Kyela kwa sifa anaijua kwa mchele. Bonde hili la kaskazini mwa Ziwa Nyasa, linalolishwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, linanyeshewa kuliko sehemu kubwa ya nchi, na mvua za Aprili zikikolea, mashamba na barabara huwa kitu kimoja. Lakini ukitoka kwenye majaruba ukaingia kwenye vijiji, kivuli unachotembea ndani yake ni cha migomba, michikichi na mikakao. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka huku, Kyela na majirani zake wa Rungwe. Mwaka 2024, mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalipoanguka na bei ya dunia ikapita dola 10,000 kwa tani, kwenye minada ya Kyela kilo moja ya kakao kavu ilivuka shilingi 20,000. Watu waliokuwa wamewaza kung'oa mikakao yao walirudi kuipalilia usiku usiku.

Sasa lipasue tunda. Lipige kwa ubapa wa panga, si kwa makali, usije ukajeruhi mbegu. Ndani utakuta mbegu 30 hadi 40, zimejipanga kama punje kwenye gunzi la hindi, kila moja imevaa ute mweupe. Watoto wanaunyonya ute huo na kutema mbegu, na wana haki, kwa maana ladha yake iko kati ya topetope na limao. Utamu ni wa sukari, ambayo ni kama asilimia 10 hadi 15 ya ute, na ukali ni wa asidi ya sitriki, ileile iliyomo kwenye limao. Mbegu yenyewe ukiitafuna utaitema bila kuambiwa. Ni chungu, inakausha ulimi kama ndizi mbichi, na ndani ni zambarau. Harufu ya chokoleti haimo kabisa. Hata ukiikaanga hivyo hivyo, haitatoka.

Hapa ndipo wengi tunapokosea, mimi nikiwa wa kwanza. Tunadhani mkulima anachuma chokoleti na mzungu anaisaga. Ukweli ni kwamba viungo vya ladha hiyo vinatengenezwa ndani ya sanduku, siku tano hadi saba baada ya kuchuma, na wafanyakazi wake hawaonekani kwa macho. Kiwanda cha Ubelgiji au Uswisi kinamalizia tu. Sanduku likiharibu, kiwanda hakiwezi kutengeneza.

Wa kwanza kufika kazini ni hamira. Mama hajaitia. Imetoka kwenye ganda la tunda, kwenye panga, kwenye viganja, kwenye mbao za sanduku lililotumika msimu uliopita, na kwenye miguu ya vile vinzi vidogo vinavyozunguka pale utadhani vimealikwa. Hamira inapenda mahali penye sukari na uchachu na hewa haba, na lundo la mbegu mbichi ni mahali hapo hasa. Inakula sukari, inatoa gesi ya kaboni dioksidi, inaacha pombe. Ni kazi ileile inayofanyika kwenye mbeta ya ulanzi kule Iringa na kwenye pipa la mbege kule Moshi. Ndiyo harufu ya kilabu niliyokutana nayo.

Pamoja na hayo, hamira inatoa kimeng'enya cha kuyeyusha pektini, ule utomvu unaoushikilia ute kwenye mbegu. Ute unalegea, unageuka maji, unachuruzika kwenye matundu ya chini ya sanduku. Ukiona nyuki na nzi wamejaa kwenye kidimbwi hicho, jua kazi imeanza vizuri. Ute ukiondoka unaacha nafasi, hewa inaingia, na zamu inabadilika. Wanakuja bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa kuwa mtindi, wanakaa muda mfupi, kisha wanakuja wenye sanduku: bakteria wa siki.

Hawa wanataka oksijeni, na ndiyo maana mama anageuza. Wanaichukua pombe iliyoachwa na hamira na kuiunguza kuwa asidi ya asetiki, yaani siki. Nimesema kuiunguza kwa makusudi. Kuni zikiwaka jikoni, kilichomo kwenye mti kinakutana na oksijeni na joto linatoka. Bakteria wa siki anafanya jambo la namna hiyohiyo kwa pombe, ila kwa hatua ndogo ndogo, bila mwali. Zidisha kwa mabilioni yao, wafunike kwa majani ya mgomba joto lisitoroke, na lundo linapanda hadi nyuzijoto 45, wakati mwingine 50. Huo ndio moto uliounguza mkono wangu.

Nisimame kidogo kwenye neno kimeng'enya, kwa sababu nadhani ni mojawapo ya maneno bora waliyotupatia wataalamu wetu wa istilahi. Kumeng'enya ni kuvunjavunja chakula hadi kilainike, na kila mtu aliyewahi kuumwa tumbo anajua maana ya mmeng'enyo. Kimeng'enya, basi, ni kile kinachomeng'enya. TUKI walichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na miaka yote hiyo maneno ya namna hii yamekaa yakisubiri kualikwa darasani. Neno wanalotumia Wazungu, enzyme, ni geni hata kwao. Lilitungwa na Mjerumani Wilhelm Kühne katika miaka ya 1870 kutoka Kigiriki, na maana yake ni "ndani ya hamira" basi.

Na kwa muda mrefu wakubwa wa sayansi walibishana juu ya huo undani wa hamira. Louis Pasteur alishikilia kwamba hakuna kuchachuka bila kiumbe hai. Miaka miwili baada ya Pasteur kufariki, yaani 1897, Mjerumani mwingine, Eduard Buchner, alisaga hamira kwa mchanga hadi seli zake zote zikapasuka, akakamua maji yake, na ili yasiharibike akatia sukari, kama watu wanavyotia sukari kwenye jamu. Maji yakaanza kutoa mapovu. Humo hamkuwa na hata seli moja nzima, na bado pombe ilikuwa inatengenezwa. Mwaka 1907 akapewa Nobeli ya kemia. Kilichofanya kazi kilikuwa vimeng'enya vilivyomwagika, na somo zima la biokemia limekua juu ya yale mapovu.

Kimeng'enya ni protini, na protini ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa ukapata umbo lake. Katika umbo hilo kuna kimfuko ambamo huingia molekuli ya aina fulani tu. Mfikirie dalali anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi ambao wangekuja kukutana wenyewe baada ya miaka kumi. Anawakutanisha, biashara inakwisha, anahamia kwa wengine, maelfu kwa sekunde. Tofauti yake na madalali tunaowajua ni kwamba hachukui cha juu. Ila ana masharti. Joto likizidi umbo linafumuka, na uchachu usipomfaa analegea.

Turudi kwenye sanduku, maana kazi kubwa haijaanza. Hamira na bakteria wote hao wanashughulika nje ya mbegu. Ndani ya mbegu kuna kiinitete kilicho hai kinachojiandaa kuota, na akiba yake imepangwa kwa nidhamu ya mke mwenye nyumba safi. Protini ina chumba chake, sukari chake, mafuta chake, na zile rangi za zambarau zenye uchungu zimefungiwa peke yake zisiguse kitu. Siki na joto vikipenya ganda, mbegu inakufa. Inakufa siku ya pili au ya tatu, na kuta za vyumba zinabomoka. Vitu ambavyo mbegu ilivitenganisha maisha yake yote vinamwagikiana, na vimeng'enya vya mbegu yenyewe, ambavyo havikufa, vinakuta meza imeandaliwa.

Kimoja kinakata protini katikati, vipande vipande. Kingine kinakuja nyuma yake na kutafuna ncha za vipande hivyo, asidi amino moja baada ya nyingine. Hawa wawili ni kama wapishi wasiopatana juu ya chumvi. Wa kwanza anapenda uchachu mkali, karibu na 3.5 kwenye kipimo cha pH, na wa pili anapenda mwanana, kama 5.8. Kwenye kipimo hicho maji safi ni 7, na kila namba ukishuka uchachu unazidi mara kumi, kwa hiyo wanachotofautiana si kidogo. Ladha bora hutoka mbegu inapotua kati yao, pH ya 5 hadi 5.5. Siki ikiingia nyingi na upesi mno, wa kwanza anafurahi peke yake na chokoleti inakuwa kali isiyo na harufu. Mama wa Ipinda hana kipimo cha pH. Ana pua, na ana desturi aliyoachiwa na mama mkwe wake ya kutogeuza siku ya kwanza.

Kimeng'enya kingine kinaivunja sukari ya mbegu kuwa glukosi na fruktosi. Basi kufikia siku ya tano mbegu iliyokuwa na protini kubwa na sukari iliyofungwa inakuwa na asidi amino na sukari nyepesi kando kwa kando, zikingoja moto. Zikikaangwa zinaungana kwa mmenyuko ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, ndio unaotupa rangi na harufu ya mkate, ya nyama choma, na ya ukoko. Kwa kipande cha ukoko tunagombana na ndugu. Kwa chokoleti dunia inalipa mabilioni. Mmenyuko ni huohuo.

Na zile rangi za zambarau? Ni ndugu wa rangi ya ganda la bilinganya. Vimeng'enya vinazivunja, kisha oksijeni inaingia na kugeuza kila kitu kahawia, kama parachichi la Rungwe linavyobadilika ukiliacha limepasuliwa mezani. Uchungu unapungua pamoja na rangi. Ndiyo maana mkaguzi wa ubora anapima kakao kwa kisu. Kipimo cha kimataifa kinachukua mbegu 300, zinapasuliwa kwa urefu, zinahesabiwa. Za kahawia zenye mifereji ndani zimeiva. Za zambarau hazijatosha. Za kijivu, ngumu kama kifutio cha penseli, hazikuchachushwa kabisa, mtu alizianika moja kwa moja. Zenye kuvu haziulizwi.

Mambo mawili yanaharibu kazi hii Kyela, na yote mawili ni ya hesabu kuliko uvivu. La kwanza ni ukubwa wa lundo. Mwenye kilo kumi za mbegu mbichi hawezi kupata nyuzijoto 45 hata afunike kwa blanketi la harusi, kwa sababu lundo dogo lina ngozi kubwa kuliko tumbo, na joto lote linatokea kwenye ngozi. Wengi wana miti michache, wanachuma kidogo kidogo. Mwingine akibanwa na shida anauza mbichi kwa ndoo, na kwa kuwa kilo tatu hivi za mbichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu, hesabu ya ndoo inampunja mara mbili: kwenye uzito, na kwenye kazi ya siku sita ambayo ndiyo yenye pesa. Tangu kakao iingie kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, ikipelekwa kwenye chama cha ushirika, AMCOS, na kunadiwa, mzigo mkavu una mahali pa kwenda. Bado ndoo zinapita vichochoroni.

La pili ni mvua. Mbegu zikitoka sandukuni lazima zikauke hadi unyevu wa asilimia 7 au 8, la sivyo kuvu inaingia. Jua la Kyela halina ahadi. Mama aliniambia kwamba msimu mmoja mvua ilimshika siku nne mfululizo, akaingiza mbegu jikoni, zikakauka juu ya dari ya moshi. Zilionekana nzuri. Zilipofika kwa mnunuzi, ambaye sitamtaja, jamaa alinusa kiganja kimoja tu akazikataa zote. Mafuta ni karibu nusu ya mbegu ya kakao, na mafuta hayasahau moshi. "Nilidhani ananionea," alisema mama. "Nikaenda nyumbani nikanusa. Kweli, zilinuka samaki."

Kazi yote hii ina jina. Mwaka 1919 Mhungari aitwaye Karl Ereky, aliyekuwa akiwaza jinsi ya kunenepesha nguruwe kwa maelfu, alitunga neno bayoteknolojia. Alimaanisha kazi yoyote inayotumia viumbe hai kutengeneza bidhaa kutoka malighafi. Kwa maana hiyo sanduku la Ipinda limo. Kwetu neno hilo limekwama mahali pamoja: ukilitaja, mtu anasikia GMO. Sishangai. Majaribio ya mahindi ya namna hiyo pale Makutupora, Dodoma, yalianza 2016, yakaamriwa kusimama 2018, na kelele zake zilifika hadi vijiweni ambako hakuna aliyeyaona mahindi yenyewe. Lakini kubadilisha jeni ni chumba kimoja tu cha nyumba kubwa, na watu wa Kyela wanaishi kwenye vyumba vingine bila kupiga hodi.

Chukua mchele. Mchele wa Kyela unatambulika kabla ya kuonekana. Uko chumbani, jirani amefunua sufuria, nawe unajua leo kuna mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kundi la wanakemia waliokuwa na Ron Buttery huko California waliisaka harufu ya mchele unaonukia wakaikamata molekuli yenyewe, wakaiita 2-asetili-1-pirolini. Jina ni zito kuliko kitu. Iko pia kwenye bisi, na pua ya binadamu inaitambua hata ikiwa gramu moja katika lita milioni 10 za maji. Tanki la namna hiyo lingewatosha watu wa Kyela mjini kuoga, na bado wangeuliza nani anapika.

Kilichonichekesha ni inakotoka. Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu za DNA, na kusomwa tatu tatu. Mpunga una herufi kama milioni 390. Mwaka 2005 watafiti wa Australia walionyesha kwamba katika aina nyingi za mpunga unaonukia, basmati na jasmini zikiwemo, kuna jeni moja kwenye kromosomu ya nane iliyopungukiwa herufi nane. Nane katika milioni 390. Mtu angesema si kitu. Lakini andika ALI ANA UZI ULE, kisha ufute ile I ya kwanza na uendelee kusoma tatu tatu: ALA NAU ZIU LE. Hakuna maana inayobaki. Ndivyo jeni hiyo inavyovurugika, hadi msomaji anakutana na alama ya kusimama kabla ya wakati, na kimeng'enya kilichotakiwa kutengenezwa hakitengenezwi. Malighafi ambayo kimeng'enya kingeitumia inabaki, inarundikana, inageuka harufu. Sifa yote ile imetoka kwenye mashine iliyoharibika.

Jeni iliyoharibika namna hiyo haitawali mpaka mmea uipate kutoka pande zote mbili, kwa mama na kwa baba. Bahati nzuri mpunga hujichavusha wenyewe, ua kwa ua, kwa hiyo uchakachuaji wa mchele wa Kyela haufanyiki sana shambani. Unafanyika kwenye gunia. Kila aliyesimama kwenye soko la Tandika au Manzese na kusikia mchuuzi akiapa kwa jina la Kyela anajua ninachosema. Uingereza walipochoka na basmati ya mchanganyiko, miaka ya 2000 walianza kupima vinasaba vya punje zenyewe madukani. Punje haiapi. Na hata mbegu ikiwa halisi, mahali nako kuna neno: jinsi mpunga ulivyokaukia shambani, joto la siku za kujaza punje, na miezi uliyokaa stoo, vyote vinapunguza au kuongeza ile molekuli, ambayo ni nyepesi na inaruka. Mkulima anayesema mpunga wake ukipandwa kwingine "unapoteza moyo" hasemi ushirikina.

Neno vinasaba nalo limekaa vizuri mdomoni mwa Mtanzania: ni nasaba, ukoo, ila iliyoandikwa ndani ya seli. Tatizo ni kwamba magazetini linakutana nasi kwenye kesi za baba wa mtoto na ajali za moto tu. Panda milima kidogo kutoka Kyela uingie Rungwe, ufike Ziwa Masoko, na neno hilo utaliona likisomeka kwenye ukurasa mwingine. Ni ziwa la kreta, mviringo, upana wake kama mita 700, kina kinakaribia mita 40. Humo kuna samaki wadogo wa jamii moja na wale wa Ziwa Nyasa. Dume wa kina kifupi ni wa njano. Dume wa kina kirefu, ambako mwanga ni hafifu, ni wa buluu. Desemba 2015 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti wa Uingereza wakiwa pamoja na TAFIRI, taasisi yetu ya uvuvi ambayo ina kituo Kyela. Walisoma DNA ya samaki hao wakakuta kwamba makundi mawili yameanza kuachana katika muda wa miaka 500 hadi 1,000 tu. Kwa hesabu za mageuzi, hiyo ni jana jioni.

Na hawakuachana kila mahali. Sehemu kubwa ya DNA yao bado ni moja. Tofauti zimejikusanya kwenye visiwa vichache, kadiri ya 55, na katika visiwa hivyo zimo jeni za kuona, ikiwemo ile ya protini ya jicho inayonasa mwanga hafifu. Wa chini amepata jicho la giza, na wataalamu wanaona kwamba anayeona vizuri rangi ya buluu ndiye anayechagua mume wa buluu. Kwenye Ziwa Nyasa lenyewe, ambako jamii hiyo imezaa spishi mamia, kazi iliyofuata mwaka 2018 ilionyesha kuwa spishi mbili zinatofautiana kwa asilimia 0.1 hadi 0.25 tu ya herufi zao. Mimi na wewe, tukiwa binadamu tusio ndugu, tunatofautiana kwa kama 0.1. Nikalikumbuka hilo Matema, mvuvi alipokuwa anachambua samaki wa mawe kwenye ndoo yake, rangi kumi na mbili kwenye ndoo moja, akiwarusha wadogo kwa kuku bila kutazama.

Nilirudi Ipinda jioni ya Jumatano ileile. Mama alikuwa amekwisha kugeuza, ana jasho, na mikono yake ilinuka siki hadi mahali nilipokuwa nimeketi. Nilimsimulia habari za hamira na bakteria, na yule Mjerumani wa mchanga na sukari. Alisikiliza kwa adabu anayopewa mgeni aliyetoka mbali. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Hiyo hamira ya kwangu, na ya mwenzangu wa Ikolo, ni moja?"

Nikasema zinaweza kuwa za ukoo mmoja, ila kila sanduku hukusanya za kwake, kutoka kwenye mbao na mikono na majani ya hapo. Akafikiri.

"Ndiyo maana. Mwanangu alinunua sanduku jipya mwaka juzi, likachelewa siku nzima kupata moto. Nikamwambia, chota za kwangu ukapake humo. Akanicheka. Alipopaka, likashika."

Akainua pembe ya gunia, akatoa mbegu moja, akaikata kwa kisu cha kumenyea ndizi na kunipa nusu. Ilikuwa bado ya joto. Pembeni ilianza kuwa kahawia, pete nyembamba kama ukucha, katikati zambarau tupu. Aliitazama nusu yake, akaitupa kwa kuku, akarudisha majani.

"Bado," alisema. "Njoo Jumamosi."